Kisanduku Kilichofungwa kwa Mpira

Assalaam alaykum, wazee wangu na wenzangu. Bwana Sheha aliniomba niseme, na miye nikakubali kwa sharti moja, nisimame hapa karibu na mlango. Msicheke. Tangu siku ile sikai mahali ambapo mlango uko mbali nami, hata iwe kwenye maulidi. Wengi mnanijua kwa mikono hii. Majina ya watu sitayataja, kwa sababu nitakayoyasema yanafanyika hadi leo katika nyumba nyingi za hapa Tumbe, na sitaki mtu aone nimemsuta hadharani. Kusuta naweza, mnajua, lakini sikuja kwa hilo.

Kazi yangu ni kuchaji taa za kuvulia dagaa usiku. Tangu wavuvi waachane na karabai za mafuta, kila chombo kina kisanduku chake cha betri. Asubuhi wakirudi pwani wananiletea, alasiri wanakuja kuchukua. Wakati ule nilivipanga ukumbini, kimoja ubavuni mwa mwenzake. Nyumba yangu ilikuwa na mlango mmoja tu, wa mbele. Chumba cha nyuma, ambacho kukitoka lazima upite ukumbini, ndimo alimolala mama yangu. Amepooza, hatembei. Akitaka kitu ananiita, na sauti yake mlikuwa mnaisikia hadi kwenye chanja za kuanikia dagaa. Mama ndani, betri katikati, mlango mbele. Nilipita pale kila asubuhi na bakuli la uji wake, wala sikuliona jambo lenyewe.

Sasa niwaambie kilichomo ndani ya kisanduku. Hamna betri moja. Mna seli bapa, zimevishwa karatasi inayong'aa, zimegawanywa makundi, kundi moja limeungwa nyuma ya jingine. Juu yake kuna bodi, kile kibao cha kijani chenye vijiwaya vyembamba, na kila kundi lina kijiwaya chake. Kazi ya bodi ni kuchungulia kila kundi peke yake. Ukichaji, kundi likitangulia kujaa, bodi inalipunguza kidogo lisubiri wenzake, na likizidi inakata chaja. Ukitumia, kundi moja likikaribia kwisha, bodi inazima taa hata kama mengine yana nguvu. Chaja yenyewe haya haiyajui, inatazama jumla tu. Ni kama mtu kaambiwa ajaze madumu kwa mfereji mmoja, naye anahesabu maji yote kwa pamoja. Dumu moja likiwa bovu, halipokei, fungu lake linakwenda kwa wenzake mpaka wafurike. Na seli hizi hazifuriki maji, jamani. Zinafurika moto.

Haya nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilijua taa nyekundu bado, taa ya kijani tayari.

Na kuna kosa ambalo ni letu siye watu wa pwani, mtu wa mjini hawezi kulifanya. Chochote kinachotoka baharini tunakisuuza kwa maji ya kisima, kisha tunakianika. Wavu, nanga, mashine, ndoo. Mama alinifundisha hivyo na mamake alimfundisha yeye. Basi na visanduku vya taa nikavisuuza. Kata ya maji juu ya kifuniko, yakipenya kidogo si neno, halafu juu ya chanja, jua likaushe. Wavuvi wakanisifu kwamba kwangu kisanduku hurudi kinang'aa. Kumbe maji yale yalikuwa yanaichukua chumvi ya nje na kuipeleka ndani, kwenye vile vijiwaya. Vikaanza kuliwa na kutu ya kijani, bodi ikawa haioni vizuri, seli nazo zikaanza kuachana, moja imeshiba, nyengine ina njaa.

Kisanduku cha kaka yangu ndicho kilichoanza. Kaka ni nahodha. Taa ikawa inamzimikia katikati ya kazi, dagaa wameshajikusanya, wavu haujavutwa, giza. Dagaa wakatawanyika wote. Akarudi pwani kanuna.

"Dada, betri hii ina woga," akaniambia.

"Haina woga, ina ugonjwa," nikamjibu, kwa utani tu. Sikujua nasema kweli.

Akaipeleka kwa fundi wa taa. Fundi akafungua, akasema kinachokata ni bodi. Akavuta waya mnene, akaupitisha pembeni ya bodi, seli zikaenda moja kwa moja kwenye chaja na kwenye taa. "Sasa haikuzimii tena," akasema, na kweli haikuzima. Wavuvi wenzake kaka wakaona, wakapeleka vyao. Nawaambieni, mlinzi wetu alikuwa anapiga kelele, na siye tukamtia kitambaa mdomoni.

Dalili zilikuja polepole. Kwanza kisanduku kile kikawa cha moto hata baada ya taa ya kijani kuwaka. Kisha kifuniko kikakataa kufunga, seli ndani zimevimba. Kaka akakikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akapiga fundo, akasema basi, kazi imekwisha. Halafu ikaja harufu, tamu tamu. Mama ndiye aliyeisikia.

"Mwanangu, nani kapaka rangi ya kucha?"

"Nani apake kucha nyumba hii, mama? Labda weye unakwenda harusini na hukunambia."

Tukacheka. Kicheko kile kinaniuma hadi leo kuliko mikono.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume wamekwenda msikitini na mtaa umenyamaza. Nilikuwa mbele ya nyumba nageuza dagaa. Nikasikia mlio ukumbini, fsss, kama mtu anapuliza chai. Nikangoja uishe. Sijui kwa nini niliungoja. Haukuisha. Nilipoingia, moshi mweupe ulikuwa unatoka chini ya mpira, mzito, unatambaa sakafuni kuelekea chumba cha nyuma.

"Mwanangu?" mama akaita.

Na miye, wenzangu, sikwenda kwa mama. Nilikimbilia kisanduku. Nikajiambia hiki ni cha watu, ni amana, nikitoe kisiharibu na vyengine. Nikakikumbatia, nikafika nacho mlangoni, mpira ukakatika. Sikuona moto ukianza. Niliona weupe tu, kisha nikaona kisanduku kiko chini, kwenye kizingiti, kinatema cheche, na ngozi ya viganja vyangu imebaki juu ya kifuniko. Mlango mmoja niliokuwa nao nikawa nimeuziba mwenyewe. Nyuma yangu vile vyengine vikaanza kulia kimoja kimoja, fsss, fsss.

Nikarudi kwa mama. Nikapangusa uso wake kwa kanga niliyoichovya kwenye mtungi, nikamfunika, nikalala juu yake. Alikuwa bado ananiita, jina langu la utotoni, ambalo hakuna mwengine anayelijua. Halafu akanyamaza. Hapo nililia kwa sauti. Nikamwambia Mungu, mchukue na miye, usiniache na nyumba hii.

Nikasikia ukuta unagonga. Jirani zangu, wanawake, walikuwa wamekuja na michi ya kutwangia. Mlangoni hapapitiki, wakazunguka nyuma, wakautwanga ukuta wa udongo kama wanatwanga mtama, huku wanasoma shahada. Jua likaingia kwenye tundu. Wakamtoa mama kwa kumvuta miguu, kisha wakanivuta miye.

Mama yu hai, alhamdulillahi. Sauti yake haikurudi. Akitaka kitu anagonga kitanda kwa kijiko, nami nikisikia kijiko naruka, hata nikiwa kwenye sala. Miye nililazwa hospitali ya Wete, na niliporudi sikuweza kujifunga kanga wala kushika tonge. Wifi yangu akanilisha kama kinda. Nilikata tamaa, nakiri. Sikutaka hata kuiona taa.

Aliyeniinua ni binti mmoja fundi, wa huko huko Wete, aliyekuja na mita yake ya kupimia umeme akakaa nami mkekani. Hakunilaumu. Alinifungulia kisanduku kimoja kilichonusurika, akanipimia kila kundi, nikaona kwa macho yangu moja limejaa kupita kiasi na jingine halina kitu, na chaja imewasha kijani. Siku hiyo nilielewa, na nikataka kurudi kazini.

Sasa nachaji bandani, mbali na nyumba, visanduku havigusani. Sisuuzi, napangusa kwa kitambaa. Kilichozama au kilichovimba sikipokei, hata ukininunia mwaka. Kisanduku chenye waya uliopita pembeni ya bodi kikiletwa kwangu, nakirudisha na mwenyewe. Kaka yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuung'oa wake, analia. Taa ikimzimikia siku hizi, anageuza chombo anarudi.

Nawashukuru wenye michi. Namshukuru wifi yangu, na binti fundi, na wauguzi walionifunga mikono bila kuchoka na kelele zangu. Mungu awalipe.

Na nyiye nawaomba jambo moja. Mkifika nyumbani tazameni kifuniko. Kama mmekifunga kwa mpira, kwa kamba, kwa jiwe juu yake, basi kinachovimba mle ndani kinawangoja. Nuseni. Kama harufu ni tamu…

Hebu, hebu. Huyo bibie aliyenyanyuka pale nyuma, mpisheni. Msimuulize kitu, fungueni njia. Mwanangu, nisikilize kabla hujatoka: usikiguse kisanduku. Toa mtu kwanza. Nani kalala ndani? Mtoto?

Kina mama wa mtaa wake, nyanyukeni. Chukueni michi, mfuateni.