Nkwabi Donatus Luhende, Fundi wa Bolti Zilizokatika

Ndugu waombolezaji, wakubwa shikamooni, wenzangu poleni na msiba, mimi ni Suzana, dada mkubwa wa marehemu, wazee wa ukoo wamenipa kazi ya kusoma historia yake, na kwa kuwa wamenipa mimi wakati wapole wapo, naomba mnivumilie hadi mwisho.

Marehemu Nkwabi Donatus Luhende alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 hapa hapa Didia, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Donatus na mama yetu Sesilia, ambao wote wametangulia, alikuwa mdogo wa umbo, mwenye mikono myembamba, tukawa tunamtania kwamba mikono ile haifai kwa jembe wala kwa kamba ya ng'ombe, na kweli haikufaa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, kisha akajifunza umakanika katika chuo cha ufundi Shinyanga mjini, akamaliza Novemba 1998.

Februari 1999 aliajiriwa katika gereji moja ya Maganzo, iliyokuwa ikitengeneza malori na mashine za kuvuta maji kwenye mashimo ya almasi, na huko ndiko mikono yake ilikopata kazi, maana bolti ikikatika nyuma ya injini, mahali ambapo hata jicho halifiki, mafundi wengine hawakuwa na njia ila kushusha injini nzima, lakini yeye aliingiza mkono na ile drili fupi yenye kichwa kilichopinda, akakipapasa kisiki cha bolti, akakitoboa katikati, kisha akakitoa taratibu kwa biti inayozunguka kinyume, mkono ukarudi umechubuka hadi kwenye kiwiko.

Mwaka 2006 alihamia Geita mjini, kata ya Kalangalala, kwenye gereji ya Bwana Jashvant, ambaye tunaye hapa, akafanya kazi hapo hadi alipougua. Alikuwa na utaratibu wake, kabla ya kuwasha drili alipapasa kwanza, akautoa mkono, akaufuta, akamwambia mwenye gari inatoka au haitoki, na akishasema haitoki hakuna aliyeweza kumbembeleza ajaribu, kwa sababu ukilazimisha, drili inakwenda pembeni, inakula nyuzi za tundu, na injini inaishia kuwa chuma chakavu. Mwenye lori mmoja wa kubeba mawe ya dhahabu aliwahi kumwita mwoga mbele ya gereji nzima, akalipeleka lori kwa fundi mwingine, likarudi likivutwa, na marehemu hakumcheka, alimpa kiti akae.

Tarehe 11 Oktoba 2008 alifunga ndoa na Zipora, binti wa Kisumbwa kutoka Bukombe, na tangu siku hiyo wapo waliosema kaoa mbali, Mungu akawajalia watoto wawili, Davis aliyezaliwa Mei 2010 na Ritha aliyezaliwa Septemba 2014.

Ugonjwa ulianza Oktoba 2024, macho yakageuka njano, mgongo ukamuuma, akapelekwa hospitali Geita na baadaye Mwanza, ambako daktari alitueleza sisi ndugu kwamba ana uvimbe kwenye kongosho, umezunguka mishipa mikubwa ya damu, na hakuna mkono wa mpasuaji unaoweza kuufikia bila kumuua. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Januari 2025, ukoo ulikaa hapa Didia chini ya baba mdogo Deusdedit, ikaamuliwa mgonjwa aambiwe ni vidonda vya tumbo ili asife moyo, kama tunavyofanya siku zote, na kila mtu akakatazwa kusema vinginevyo.

Akaamini, akampigia Bwana Jashvant amwekee kazi hadi Pasaka, akanywa mizizi michungu tuliyomletea akaitapika, na kwa kuwa alijua kama mnavyojua ninyi kwamba dawa za maumivu huchokonoa vidonda vya tumbo, akazikataa, zile dawa za maji tulizopewa Mwanza zikakaa dirishani zimejaa, naye analia kwa maumivu hadi majirani wa Kalangalala wanatoka nje, na sisi tunamsihi azinywe, lakini hatumwambii kwa nini azinywe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye hakuficha kitu, alifichwa.

Jioni moja ya Februari alimshika Zipora mkono, nami nikiwa mlangoni na uji, akamuuliza, "Mama Davis, inatoka au haitoki?" Zipora akamtazama, akamjibu, "Haitoki, Baba Davis." Akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," akaomba ile dawa, akainywa, akageukia ukutani akalia.

Sitawadanganya kwamba alipata faraja, alilia siku nyingi, akawa hataki kumwona Ritha kwa sababu akimwona alishindwa kujizuia, lakini alilala, na maumivu hayakumliza tena, hadi alipofariki Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, alfajiri, nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo yanasemwa katika uwanja huu kwamba Zipora amemuua kwa mdomo wake, kwamba mgonjwa ukimtajia kifo anakwenda nacho, na kwamba matanga yakishaanuliwa arudishwe kwao na watoto wabaki. Baba mdogo Deusdedit, shikamoo, nakuheshimu, lakini mdogo wangu aliuawa na ugonjwa, na katika nyumba ile iliyojaa watu wenye damu yake, aliyemheshimu kiasi cha kumjibu alikuwa huyo mnayemwita mgeni. Najua kikao kimeshaamua kabla ya kukaa, na najua sauti yangu ni moja, ya mwanamke, haitawageuza.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Geita na Mwanza, tunawashukuru majirani wa Kalangalala waliokesha nasi, Bwana Jashvant na mkewe Dhanbai waliotoa gari la kumleta nyumbani, na mafundi wenzake waliokuja na nguo zao za kazi. Tunamshukuru mkewe Zipora, na hili halimo katika karatasi niliyopewa.

Nikimaliza kusoma nitakwenda kukaa kwenye mkeka wa Zipora, nafasi ipo, kwa sababu tangu Alhamisi mnaupita bila kumpa pole. Nkwabi, mdogo wangu, pumzika kwa amani, sisi huku hatunayo.