Mistari Kwenye Kichwa Kitupu

Ndugu zangu, naomba mnivumilie na chupa hii mkononi. Ni mafuta ya mise tu, yale ya Ujiji ya kokwa za mchikichi, na harufu yake mnaijua. Nitawaambia kwa nini nimekuja nayo kanisani.

Nilisomea ualimu hapa chuoni. Mlioingia mwaka huu, leo jioni mtaiona desturi yetu. Kila msichana wa mwaka wa kwanza hupewa "mama" wa mwaka wa pili, na Jumapili ya kabla ya mazoezi ya kufundisha, mama hukaa kwenye ngazi za bweni, mwanawe chini kati ya magoti, akimsuka. Hatuendi mbele ya darasa bila mikono ya mama kupita kichwani.

Mama yangu mzazi alifariki wiki chache kabla ya Jumapili hiyo. Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa kijijini Mwamgongo, kando ya ziwa. Nilipopigiwa simu nilikimbilia Kibirizi kupanda boti, lakini ziwa lilikuwa limechafuka na boti hazikuondoka. Nilikaa juu ya mzigo wa mtu nisiyemjua, nikitazama mawimbi. Nilipofika, walikuwa wameshamzika. Kanga yake bado ilikuwa kwenye kamba, imekauka. Nawaambia, ile kanga iliniumiza kuliko kaburi.

Baada ya matanga tulinyolewa, watoto wote. Nikarudi chuoni kuchukua godoro langu, niende nikaanike dagaa mahali pake. Kumbe ndiyo Jumapili yenyewe. Ngazi zimejaa wasichana, vicheko vinasikika hadi jikoni. Mmoja akaniona kichwa, akapaza sauti, "Afande! JKT wamekuachia lini?" Wakacheka. Hawakuwa na habari. Nikaingia, nikatoka na godoro begani.

Mama yangu wa chuo alikuwa ameshika kitana.

"Wewe, unakwenda wapi na godoro? Njoo ukae."

"Mama, sina nywele."

"Nimeona. Kwani mimi kipofu? Kaa."

Nikakaa. Akamimina mise kiganjani, akanipaka. Kisha akaanza kupitisha kidole kichwani mwangu, mstari mmoja baada ya mwingine, polepole, kama anayegawa nywele.

"Mama yako alikuwa anakusuka vipi?"

Tangu msiba, watu wote waliniambia nijikaze. Hakuna aliyeniuliza habari za mama.

"Za kurudi nyuma," nikasema. "Anakaza mpaka macho yanavutika."

"Haya. Mimi sikazi."

Hapo ndipo nililia, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza, nimeegemea goti lake. Hakuninyamazisha. Aliendelea na mistari yake hadi shingoni, akafunga fundo ambalo halikuwepo, akasema, "Tayari. Kesho ukafundishe." Yule aliyeniita afande akainuka. Alikuja, akabeba godoro, akalirudisha kitandani kwangu.

Nawashukuru hao wawili. Siwataji, wanajijua. Nywele ziliota, ualimu niliupata. Mama hakurudi, na kila nikisukwa nahisi mikono yake. Siwadanganyi kwamba hilo linaisha. Ila mwenzako akifiwa, usimwambie ajikaze. Kaa naye, umuulize mama yake alikuwaje.

Nimeona huko nyuma kuna binti amefunga kitambaa hadi kwenye nyusi. Simwiti mbele. Tukitoka hapa, nitakuwa pale ngazini na chupa yangu.