Rubani Aliyehesabu Pini Tatu

Ndugu waombolezaji, ni nani kati yetu hapa hakuwahi kumcheka marehemu? Aliye safi anyanyue mkono, maana hata mdogo wake anayewasomea historia hii, fundi wa ndege aliyefanya naye kazi kikosi kimoja, wa kwake ameuacha chini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa pili kutoka bombani, kifungua mimba wa baba mpaka rangi mabehewa na mama mshona sare, akaanza shule mwaka 1968 na kumaliza sekondari 1979, akiongoza darasa zima kwa hesabu, ingawa baba aliwaambia wageni kwamba binti yake ana bahati ya kubahatisha.

Tarehe 5 Januari 1981 alijiunga na jeshi la anga, na tarehe 12 Agosti 1986 akarusha ndege ya kivita peke yake, mwanamke wa kwanza kikosini, na mkuu wa kikosi alipomuuliza, "Binti, huko juu hukuogopa?" alimjibu, "Niliogopa kushuka, afande, nilijua nitakukuta."

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988 na daktari wa meno, mtu mpole asiyeinua sauti hata kwa jino lililogoma, wakajaliwa binti na mvulana, hawa mnaowaona mbele.

Kabla ndege haijaondoka, fundi huchomoa pini tatu zinazozuia magurudumu yasijikunje, kila moja ina utepe mwekundu, kisha huziinua juu, rubani akazihesabu akiwa kitini. Tarehe 9 Juni 1992 fundi wa zamu alijikuta na pini mbili mkononi, na nyuma yake wamesimama mafundi wanaume sita waliokwisha kusema kazi hii si ya wanawake, basi badala ya kurudi chini ya ndege wakimtazama, akajitia hamnazo, akatoa pini ya akiba mfukoni, akainua tatu.

Marehemu alihesabu, akaruka, gurudumu la kushoto likagoma kujikunja, akalazimika kutua tangi likiwa limejaa, tairi likapasuka, ndege ikaacha njia, na uti wa mgongo wake ukaumia. Mbele ya tume ya uchunguzi, fundi alidai ameonyesha mbili na rubani hakusubiri ya tatu, ikaandikwa "uzembe wa rubani," marehemu akapewa dawati katika stoo ya vipuri kwa miaka kumi na tisa, nasi ndugu zake tukambandika jina la Mama Mbili, ati hesabu zake huishia hapo, na aliyecheka kuliko wote ni mdogo wake.

Dawa za maumivu za miaka mingi zilimharibu figo, akafariki Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2019, saa tano asubuhi. Wiki moja kabla, alimwambia mdogo wake, "Mdogo wangu, mimi nilihesabu tatu," naye akamuuliza kama anataka mto mwingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokuja kumgeuza kitandani, na wenzake wa stoo, ambao jina lile hawakulitamka hata siku moja.

Hapa mwisho huwa tunamwambia marehemu apumzike kwa amani, lakini amani hiyo kuna mtu aliyeikalia miaka ishirini na saba, na mtu huyo ni mimi, dada yangu, mimi fundi wa zamu, niliyeinua tatu nikaiambia tume ni mbili.