Kadi ya Mama Mwanne

Yvette alipaswa kushuka sokoni, lakini masikio yake yalikataa kuyaacha mazungumzo ya abiria wenzake. Mbele yake ndani ya taksibisi, Mama Mwanne, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya Kalemie kusoma, alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, Papa Anatole, fundi umeme wa bwawa la Bendera, kwamba siku hizi kutembea kidogo tu kunamkata pumzi.

"Munganga wa moyo amefika kutoka Lubumbashi," alisema, "na anapokea kadi ya mituelle, hii bima ya matibabu ya serikali. Wengine wote walinirudisha mulangoni."

"Mama, dawa ya bure haiponyeshi," Papa Anatole alisema. "Vuka ziwa, uende Kigoma. Watoto wako hawawezi kukulipia?"

"Wanaweza, na wameniomba sana. Nimekataa."

"Moyo mugonjwa hautaki kiburi, Mama."

"Wangu unakitaka," alijibu, na Yvette akauma midomo asicheke. "Miaka yote ya chaki walikata mushahara wangu kwa ajili ya kadi hii. Si sadaka, Papa, njo jasho langu. Nikiificha mimi, mwalimu wa kule Manono asiye na mutoto wa kumulipia atasubutu namna gani kuonyesha yake?"

Papa Anatole alitikisa kichwa, akasema yeye bado angeenda Kigoma.

Taksibisi ikasimama mbele ya hospitali. Papa Anatole alishuka kwanza, akamnyooshea mkono. Mama Mwanne alimshukuru, lakini hakuushika. Alishuka mwenyewe, akasimama kidogo kuvuta pumzi, kisha akaingia getini na kadi mkononi, ameiinua juu ili kila mtu aione.