Abdiel Akyoo na Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mchungaji, ndugu waombolezaji, majirani wa Sekei, na ninyi wote mliowahi kukaa kwenye darasa la marehemu: naitwa Elirehema, mdogo wake anayemfuata kwa kuzaliwa. Nimepewa kazi hii kwa sababu nyumbani wanasema mimi ndiye ninayekumbuka tarehe. Nitasoma taratibu. Kaka hakupenda mtu anayesoma mbio, alikuwa akisema karani akikimbiza maneno ujue kuna jambo anaficha.

Abdiel Akyoo alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 kijijini Singisi, upande wa jua la asubuhi wa Mlima Meru, mtoto wa kwanza wa mzee Ebenezer na mama Nkasiogi. Alizaliwa kwenye kihamba chetu, lile shamba la migomba na kahawa ambalo babu alimwachia baba. Baba alizikwa pale mwaka 1979, na mama miaka mitatu baadaye. Kwa desturi ya Wameru, na kaka pale ndipo tungempeleka leo. Lakini mnaona wenyewe tupo Njiro, kwenye makaburi ya Manispaa, katika nafasi yenye namba. Nitaeleza kwa nini, maana najua tangu asubuhi watu wananong'ona.

Alianza shule ya misheni mwaka 1949 na kumaliza darasa la nane mwaka 1956. Mwaka 1960 aliajiriwa kuwa karani wa mahakama. Sheria aliisoma ukubwani, 1973 hadi 1974, akapata cheti. Wanafunzi walikuwa thelathini na wanne, na kitabu cha mwenendo wa madai kilikuwa kimoja, cha Kiingereza, hakitoki nje ya chumba cha mkutubi. Kaka alikinakili chote kwa mkono, kaunta buku saba. Kidole chake cha kati kilibaki na sugu mpaka juzi tulipomwosha.

Tarehe 12 Oktoba 1968 alifunga ndoa na Anande, ambaye wengi mnamfahamu kama Mama Solomoni. Barua ya posa aliiandika mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa amezoea hati za madai, aliipanga kwa aya zenye namba. Aya ya kwanza ilieleza yeye ni nani na anaishi wapi. Mwisho akaweka nafuu anazoomba: kwanza, posa ikubaliwe, pili, nafuu nyingine yoyote ambayo wazazi wataona inafaa. Baba mkwe alisomewa, akauliza, "Huyu anaoa au anatushtaki?" Walimpa mke, na nafuu nyingine ilikuwa ndama.

Kuanzia mwaka 1975 alikuwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo katika vituo mbalimbali, hadi alipostaafu mwaka 1991. Lakini kazi iliyomkaa moyoni ilikuwa darasa la jioni, alilolianzisha mwaka 1985 katika ukumbi wa kanisa hapo Sekei. Walikuja makarani, mapolisi, walimu, watu waliotaka cheti cha sheria na hawakuwa na kitu cha kusoma. Vitabu havikuwepo madukani, na vichache vilivyopatikana vilikuwa kwa lugha waliyoielewa nusu. Basi kaka akazitoa zile kaunta buku saba, akaandika kitini kwa Kiswahili, kurasa mia moja na kumi na mbili, akakiita Mwenendo wa Madai kwa Wanaoanza. Kilichapwa kwenye stensili mwaka 1987.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukurasa wa arobaini na moja unahusu rufaa. Kaka aliandika mistari miwili: rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo ni ndani ya siku thelathini, na zile za madai yaliyofunguliwa Mahakama ya Wilaya ni siku tisini. Mpiga chapa aliruka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Ikasomeka kwamba ukitoka Mahakama ya Mwanzo una siku tisini. Kaka aliliona kosa hilo siku hiyohiyo, lakini mnakumbuka miaka ile ilivyokuwa, stensili hazikupatikana na ya akiba haikuwepo. Akaandika nusu karatasi, Masahihisho, akaibana kwa pini mwisho wa kila kitini. Kwa kitini cha mwaka 1987 hiyo ilitosha.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, mashine za kutoa kopi zikaingia mjini, kila kona stesheneri. Kitini kikatolewa kopi, na kopi ikatolewa kopi. Pini iliruka, nusu karatasi ikapotea, na hakuna aliyejua kuwa kuna kitu kimepotea.

Mimi ndiye niliyebaki kwenye kihamba. Mwaka 1993 mtoto wa baba mdogo alitushtaki akidai eneo ni la baba yake, na tarehe 8 Juni Mahakama ya Mwanzo ikampa. Nilikuwa na kitini, nimekinunua mwenyewe kwenye stesheneri mtaani Sakina, jina la kaka yangu juu ya jalada. Nilijivuna nacho. Nikafungua ukurasa wa arobaini na moja, nikahesabu, nikaona nina muda wa kuvuna kahawa kwanza. Kaka aliponiuliza nimeshakata rufaa, nikamjibu kwa majivuno aniachie, sheria naijua. Nilipeleka rufaa siku ya hamsini na mbili, ikatupwa. Niliomba niongezewe muda, hakimu akataka sababu. Ningeweza kusema kitini ndicho kilichonipotosha. Nikaona nitamtaja kaka mahakamani kama mpotoshaji, nikasema nilikuwa naumwa, na cheti cha daktari sikuwa nacho. Kihamba kikaenda. Kikauzwa, na leo kina ukuta na nyumba ya wageni, na makaburi ya wazazi wetu yako ndani ya ukuta huo.

Mwaka 1996 mwanafunzi mmoja, Naipanoi, alimuuliza darasani, "Mwalimu, mbona wewe unasema thelathini na kitini chako kinasema tisini?" Kaka akafungua mwisho wa kopi ile. Masahihisho hayakuwepo. Darasa alilivunja. Kesho yake alikuja kwangu, hakusalimia hata watoto.

"Elirehema, ulihesabu siku ngapi?"

"Nilichelewa mwenyewe, kaka. Mambo ya kahawa."

"Haya," akasema, akarudi mjini.

Tangu siku hiyo alizunguka na kalamu nyekundu, Sekei, Sakina, stendi, akiomba kila stesheneri wamwonyeshe kopi mama, ile wanayotolea nyingine, ili aisahihishe. Wengine walimfukuza wakidhani ni mtu wa leseni. Kule Sakina, dada wa duka aitwaye Fransiska alimpokea vizuri, akamwacha akate na kuandika. Aliporudi baada ya mwezi akakuta anatumia kopi nyingine. "Mzee, usinikasirikie," Fransiska alimwambia. "Ile uliyoiandika wateja wanasema ni chafu. Wanataka safi." Kaka alinisimulia akicheka, halafu akaacha kucheka.

Sukari iligundulika mwaka 1998. Ilichukua macho, na mwaka 2002 mguu wa kushoto. Alipokuwa haoni tena alimtuma binti yake, Anyesi, na kalamu. Wiki ya mwisho hospitalini aliniuliza tena, ulihesabu siku ngapi, nami nikajibu vilevile, kahawa. Nilidhani namhurumia. Sasa najua nilimnyima kitu alichokuwa anakitaka, mtu mmoja wa kumwambia ukweli na kumsamehe akiwa hai. Sikumpa, na siwezi kumpa tena. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 21 Oktoba 2003, saa tisa alasiri.

Juzi wazee walikwenda kwa mwenye ule ukuta kuomba futi sita kando ya baba. Aliwapa chai, akawaambia walete amri ya mahakama.

Sehemu hii nilimsomea Mama Solomoni jana. Akasema, "Iachwe." Sikumuuliza kama alitaka iondolewe au ibaki. Nimeiacha, na kama nimekosea, shemeji, nitalibeba hili pamoja na lile la kwanza.

Marehemu ameacha mjane, Anande, watoto watatu, Solomoni, Anyesi na Reginald, wajukuu watano, na mimi. Ameacha pia vitini ambavyo hakuna anayejua idadi yake. Jana Anyesi alipopeleka ratiba hii kutolewa kopi, mbele yake walikuwepo wanafunzi wawili na kitini. Aliomba akione. Tisini. Aliwaambia. Waliitazama kanga ya msiba aliyojifunga kichwani, wakampa pole, wakalipa, wakaondoka nacho.

Kaka, tumeshindwa kukurudisha kwenu. Bwana akupokee ulikofika.