Mwalimu Kadi na Maboksi Yake ya Viatu

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Kadi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi viatu. Alikulia katikati ya maboksi ya viatu, na hayo hakuyaacha mpaka mwisho.

Alianza shule mwaka 1959. Kiingereza kilimtoa jasho mpaka alipokata maboksi ya babu kuwa kadi: kubwa za maneno, ndogo za viambishi awali. Aliweka "un" mbele ya "happy", akaona furaha imegeuka huzuni palepale mezani. Tangu siku hiyo akanogewa.

Alifundisha Kiingereza kuanzia Januari 1974 hadi alipostaafu mwaka 2011. Aliyekosea neno hakuchekwa. Alipewa kadi ya kukaa nayo mfukoni, airudishe akishalitumia neno hilo sawasawa mara tatu, mtaani, kwa watu wa kweli. Hata mimi, kifungua mimba wake ninayewasomea, sikusalimika.

"Daftari halijibu," alikuwa akisema. "Nenda kaongee na watu."

Mama yetu ni fundi cherehani. Kibao cha Kiingereza mlangoni pa duka lake kilikosewa kiambishi kimoja tu, "unmake" badala ya "remake", kikatangaza kwamba anaharibu nguo. Baba alipokisoma akaingia dukani.

"Dada, kibao chako kinasema unaharibu nguo."

"Basi vua koti, nianze nalo."

Walioana tarehe 6 Desemba 1980. Kibao kilisahihishwa, utani wao haukuisha, na tunashukuru.

Tarehe 9 Februari mwaka huu alipata kiharusi kilichomnyima sauti. Siku kumi na nane mama alizungumza naye bila kujibiwa, na hilo ndilo lililotuumiza kuliko yote. Ndipo muuguzi wa zamu, mwanafunzi wake wa zamani, alipotoa kadi aliyoikalia miaka ishirini.

"Mwalimu, nisamehe, hii sikuirudisha."

Baba akatabasamu. Kesho yake muuguzi akaja na boksi la viatu, mkasi na kalamu. Kadi za kwanza baba alizomsogezea mama zilikuwa mbili: "thank", kisha "you". Mama alilia, halafu akamwambia, "Umechelewa, lakini sawa."

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Mei, mama akiwa amemshika mkono. Tunamshukuru muuguzi yule kwa dhati.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na kadi nyingi mifukoni mwenu. Msizirudishe, mpeni anayehangaika na neno. Zile mbili za mama ziko kwenye droo ya cherehani, na hizo hazigawiwi.

Pumzika kwa amani, Baba. Darasa limekuelewa.