Jonah arap Mibei Anastaafu, na Cheruto Bado Yumo Kabatini

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 1997, Mzee Jonah arap Mibei, seremala mkuu wa kiwanda chetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Aliingia hapa mwaka 1961, kijana wa Soin mwenye nyundo ya kuazima, na anatoka akiwa mtu ambaye hakuna mlango, ngazi wala meza ya kiwanda hiki isiyoujua mkono wake. Anarudi nyumbani Soin, kule chini kwenye joto, ambako chai haioti na hakuna atakayemgongea dirisha alfajiri kumwambia kwamba mlango wa chumba cha kunyaushia majani umeng'oka tena.

Maandishi ya namna hii yana desturi ya kumpaka mstaafu asali mpaka watoto wake wasimtambue. Mzee arap Mibei tutamsifu, kwa kuwa anastahili, lakini asali peke yake leo itakuwa matusi. Kuna kitu chake kilichofungiwa katika chumba cha mapokezi, karibu na hapo ulipoketi ukisoma. Ni meli ya mbao aliyoiunda kwa mikono yake, na inapasa iondoke naye leo. Kampuni inasema haitaondoka. Wasifu huu hauwezi kujifanya haulijui jambo hilo.

Tuanze na kazi. Walioajiriwa baada ya magunia ya karatasi kuingia hawajui kasha la chai lilikuwa kitu gani. Zamani chai yote iliyotoka hapa ilisafiri ndani ya sanduku la mbao nyembamba, zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, kingo zake zimefungwa kwa ukanda wa bati, na ndani limetandikwa karatasi ya fedha ili unyevu usipenye. Kasha likilegea kona moja tu, chai hunusa kila kitu njiani na kufika mnadani ikiwa na harufu ya samaki na mafuta taa. Makasha ya arap Mibei hayakunusa kitu. Alifanya kazi akiwa na misumari midomoni na wimbo wa kanisa puani, na hadi leo hakuna aliyegundua alikuwa akipumulia wapi.

Mwaka 1968 malalamiko yalikuja kutoka Mombasa kwamba makasha yetu yanafika yamepasuka. Kiwanda kikamtuma arap Mibei akaone aibu yake kwa macho yake. Alikaa bandarini juma zima. Siku ya kwanza aliona jinsi makasha yalivyoachiwa yaanguke kutoka kwenye winchi, akamwendea msimamizi wa makuli, mtu wa Pwani mwenye Kiswahili kinachong'aa, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Soin: "Hata wewe bwana, wakikuangusha kutoka hapo juu utapasuka." Malalamiko hayakurudi tena.

Lakini siku zilizobaki alizitumia kwa jambo jingine. Alikaa juu ya kasha bovu, penseli mkononi, akiipima kwa kidole gumba meli ya mizigo iliyokuwa ikipakiwa chai ya Kericho. Aliporudi nyumbani bila leso wala haluwa, mkewe, Mama Chepkemboi, alimuuliza amemletea nini kutoka Mombasa. Akajibu: meli. Iko wapi? Inakuja. Kambi nzima ilicheka, na kwa miaka mingi mtu aliyechelewesha deni au ahadi hapa kiwandani aliambiwa amekuwa kama meli ya arap Mibei.

Meli ilifika mwaka 1989. Kabla yake alikuwa ameunda nyingine ndogo, mashua za kujifunzia kama alivyoziita, akazigawa kanisani na kwa watoto wa majirani. Hii ilikuwa ndiyo yenyewe. Aliiunda Jumapili baada ya ibada na jioni baada ya king'ora. Aliloweka vipande vya makasha yaliyovunjika katika maji ya moto mpaka tabaka zikaachana, kila moja nyembamba kama ganda la kitunguu, kisha akazikunja ubavu kwa ubavu. Ukanda wa bati ukawa mnyororo wa nanga. Karatasi ya fedha ikawa vioo vya madirisha, madogo kuliko punje za mtama. Winchi zake huzunguka. Vifuniko vya ngama, tumbo la meli la kuwekea mizigo, hufunguka, na humo ndani mmepangwa makasha ya chai yasiyozidi kucha ya kidole, na ndani ya kila kasha mna chembe za chai halisi, ya daraja la kwanza. Ukikifungua kifuniko, kwanza unasikia harufu, ndipo unaona.

Kwenye omo, yaani pua ya meli, aliandika jina kwa burashi ya unywele mmoja: Cheruto. Msomaji asiye Mkipsigis na afahamu kwamba jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa safarini. Meli ile ilizaliwa safarini, juu ya kasha bovu bandarini, na baba yake akaipa jina kwa kanuni ileile ambayo kwayo kila mtu hapa alipewa lake.

Hapa nafasi inaruhusu kicheko kimoja. Mwalimu wa shule yetu ya msingi, mtu mwenye mapenzi makubwa na kamusi, alimwalika arap Mibei awaonyeshe wanafunzi meli hiyo, akamtambulisha kuwa ni mzee mwenye uraibu mkubwa. Mwalimu alikuwa na maana ya jambo ambalo mtu hulifanya kwa kulipenda, bila kutumwa wala kulipwa, na hakukosea. Watoto, hata hivyo, walilijua neno hilo kwa upande wake wa pili, ule wa tumbaku na chang'aa, wakafika nyumbani na habari kwamba mzee wa kanisa ana uraibu na amekiri mbele ya darasa la saba. Jumapili iliyofuata kamati ya kanisa ilimwita. Alikwenda akiwa ameibeba Cheruto kifuani, akaiweka mezani, akasema: "Pombe yenyewe ndiyo hii. Onjeni." Kamati ilimaliza kikao ikizungusha winchi.

Kicheko kiishie hapo.

Mwaka 1994 wakurugenzi walitarajiwa kutoka ng'ambo. Bwana Kiplimo, ofisa wetu wa utawala, alifika nyumbani kwa arap Mibei na kuiomba Cheruto kwa siku tatu, ipambe chumba cha mapokezi. Mzee alikubali, mgeni hanyimwi kiti. Akaagizwa pia atengeneze kabati la kioo la kuiwekea, akalitengeneza, na kwa kuwa hajui kufanya kazi mbaya, likawa kabati zuri. Wageni walipiga picha, wakanywa chai, wakaenda. Siku tatu zikawa miaka mitatu. Siku moja mafundi waliokuwa wakipaka ukuta rangi ya kampuni waliagizwa waipake na omo, na juu ya jina la Cheruto pakaandikwa Fahari ya Kiwanda. Chini ya kabati kuna kibao kisemacho kwamba hiyo ni kazi ya Idara ya Useremala. Idara haina mikono. Idara haikukaa bandarini juma zima ikipima kwa kidole gumba.

Arap Mibei aliidai meli yake kwa adabu, kofia mkononi. Alijibiwa kwa swali ambalo Bwana Kiplimo amelirudia mbele ya wengi, naye hatakataa kwamba ni lake: "Boiyo, mzee wangu, nikuulize tu, hiyo mbao ulinunua duka gani?" Yaani mbao zilikuwa za makasha ya kampuni, kwa hiyo meli ni mali ya kampuni. Alipozidi kuomba, akaambiwa: "Si utengeneze ingine? Mbao ziko."

Majibu yote mawili yanastahili kupimwa, na yakipimwa hayana uzito.

Tuchukue la kwanza. Vipande vile vilikuwa wapi kabla arap Mibei hajavigusa? Vilikuwa kwenye rundo la boila. Shahidi yupo, naye ni Joram Kuria, ambaye amelisha boila yetu tangu alipohamia kutoka Nyeri. Kuria alikuwepo siku meneja wa wakati huo alipomkuta arap Mibei amebeba vipande hivyo kwapani, akatazama, akasema, "Chukua, hiyo ni kuni tu," akapita. Kuria hulieleza jambo hili bila mapambo: "Mimi ndio ningeichoma. Hiyo meli yenu ya mapokezi ingekausha majani asubuhi moja, na saa nne imekuwa jivu." Basi kampuni ituambie ni lini hasa kuni zilipogeuka kuwa mali. Zilipokuwa zinangoja moto zilikuwa kuni. Zilipolowekwa, zikakunjwa, zikakwaruza vidole vya mtu miaka yote ile, bado zilikuwa kuni, maana hakuna ofisa aliyekuja kuzidai. Zikawa mali siku Mzungu alipozipiga picha.

Swali hili si geni duniani. Wanasheria wa Rumi ya kale walilibishania, na miongoni mwa mifano yao palikuwa na meli: mtu akiunda meli kwa mbao za mwenzake, meli ni ya nani? Kundi moja lilisema ni ya mwenye mbao. Kundi la pili likasema ni ya fundi, kwa sababu kabla yake meli haikuwepo. Baadaye suluhu ilipatikana: kitu kikiweza kurudishwa kilivyokuwa, kimfuate mwenye mali, kisipoweza, kimfuate aliyekiunda. Kwa hiyo Bwana Kiplimo, akipenda, na aivunje Cheruto vipande vipande aone kama atapata kasha la chai.

Bilhah, msimamizi wa chumba cha kuchambulia, aliisikiliza hoja hii wakati wa chai ya saa nne akasema Warumi walichelewa sana kuelewa. Kwao Bomet, alisema, mzinga wa nyuki ni wa aliyeuchonga, hata ukitundikwa kwenye mti wa mtu mwingine. Mwenye mti huonjeshwa asali, hapewi mzinga. "Sasa hawa wamelamba asali miaka mitatu," akasema, "na bado wanataka kutafuna mzinga?"

Jibu la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu limesemwa kama hisani. Atengeneze nyingine. Kila mtu wa idara ya useremala anajua kwamba jicho la kulia la arap Mibei limeingiwa na ukungu, na kwamba la kushoto linalifuata. Mwaka huu ameshindwa kupitisha uzi kwenye tundu la sindano ya gunia. Hakuna meli nyingine itakayokuja. Kumwambia mtu wa aina hiyo kwamba mbao ziko ni kumwambia mama aliyenyang'anywa mtoto wake kwamba maziwa yapo.

Ipo habari moja zaidi, na wengi wenu mtaisikia leo mara ya kwanza. Kabati lile lina kufuli mbele, na ufunguo uko katika droo ya Bwana Kiplimo. Lakini ubao wa nyuma umeshikwa na vigingi viwili vya mbao, kwa kuwa arap Mibei hupenda kazi inayoweza kurekebishwa bila kubomolewa. Amekuwa akipita mbele ya kabati hilo kila siku ya kazi, akijua kwamba angeweza kuvivuta kwa vidole viwili. Mafundi vijana waliomba ruhusa wamfanyie kazi hiyo wakati wa chakula. Aliwakatalia. "Mtu haibi mtoto wake," aliwaambia. "Anapewa."

Hiyo ndiyo tabia ya mtu tunayemuaga. Uaminifu wake ndio umeilinda kufuli hiyo kwa miaka mitatu, na kampuni imeuhesabu kuwa ni udhaifu.

Ratiba mliyopewa inaonyesha kwamba baada ya hotuba ya Meneja, Bwana Kiplimo atamkabidhi mstaafu saa ya ukutani. Tunashukuru kwa saa. Lakini mtu ambaye hakuwahi kutanguliwa na king'ora hahitaji kuambiwa wakati. Ratiba inaonyesha pia kwamba baada ya hapo tutapiga makofi. Kamati ya Wafanyakazi imeafikiana kwamba mikono yetu itatulia mapajani mpaka kabati lifunguliwe kwa mbele, kwa ufunguo, na mbele ya watu. Rangi ya kampuni haitatusumbua. Mzee amesema inakwanguka, na jina la Cheruto liko chini palepale alipoliandika.

Mama Chepkemboi, aliyeahidiwa zawadi ya Mombasa mwaka 1968, akaipata, kisha ikaazimwa isirudi, ameketi safu ya mbele. Nje, nyuma ya pikapu itakayowapeleka Soin, Joram Kuria ametandika nyasi kavu nyingi, na katikati yake ameacha nafasi ndefu iliyochongoka upande mmoja. Saa ya ukutani haiwezi kuketi hapo.

Mzee arap Mibei, asante kwa kila mlango uliofunga vizuri na kila kasha lililofika likiwa zima. Soin ikupe mvua kwa wakati wake, mahindi yasiyo na viwavi, na majirani wanaojua kuomba na kurudisha. Nenda kwa amani, ila usiende peke yako.

Phelix Kipkurui,
kwa niaba ya Kamati ya Wafanyakazi